Jinsi Tanuru Moja Linavyopasha Joto Nyumba Nzima

Sisi tukaao karibu na mstari wa Ikweta, baridi ikitushika hujifunika blanketi au huota moto jioni, na asubuhi jua likipanda mambo yamekwisha. Lakini ziko nchi ambazo baridi yake haiondolewi na blanketi. Huko kaskazini ya Marekani, katika jimbo la Minnesota, maziwa huganda wakati wa baridi hata watu huendesha motokaa juu ya barafu. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo uitwao Tower, baridi ilishuka hata kufika nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Na hiyo sifuri ndipo maji yaanzapo kuganda. Usiku wa namna hiyo nyumba isiyo na moto si makao ya mtu. Maji yaliyomo katika mabomba yake hugeuka kuwa barafu, na maji yakiganda hutanuka, kila sehemu 100 zikawa sehemu 109. Hakuna bomba la chuma liwezalo kuyazuia. Bomba hupasuka kimya kimya, na mwenye nyumba hana habari mpaka barafu iyeyukapo na maji kumwagika sakafuni.

Zamani watu wa huko waliwasha moto katika kila chumba. Moto huo huchoma uso na kuacha mgongo katika baridi, na sehemu kubwa ya joto lake hupanda na moshi na kupotea nje. Tena ni moto wa hatari. Mbali na cheche, moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu katika usingizi wao. Ndipo watu wenye akili wakauliza: Kwa nini tusiwashe moto mmoja tu, mahali pamoja, kisha tutafute mpagazi wa kuchukua joto na kulipeleka katika kila chumba?

Mpagazi huyo ni maji. Kila mpishi ajua ya kuwa sufuria tupu ikiepuliwa hupoa upesi, lakini sufuria iliyojaa maji ya moto hukaa na joto lake muda mrefu. Maji huchukua mzigo mkubwa wa joto kuliko karibu vitu vyote tuvijuavyo. Lita moja ya maji, ikipoa kwa nyuzi 10 tu, huacha joto liwezalo kupasha zaidi ya lita 3,000 za hewa kwa nyuzi hizo hizo 10. Kwa hiyo bomba jembamba lisilozidi unene wa kidole gumba laweza kupeleka joto ambalo, kama lingepelekwa kwa hewa, lingetaka mfereji mpana wa bati.

Jambo hili si geni. Mwaka 1777 Mfaransa mmoja aliyeitwa Bonnemain alitumia maji ya moto yazungukayo katika mabomba ili kuangua mayai ya kuku. Basi vifaranga walifaidi ufundi huu kabla ya watu wengi. Mwaka 1828 Mwingereza Thomas Fowler, mtu wa Devon, alipewa hati ya serikali kwa ajili ya chombo chake cha kuzungusha maji ya moto pasipo pampu. Yazungukaje pasipo pampu? Maji yakipata moto hutanuka na kuwa mepesi, nayo hupanda. Yakipoa huwa mazito, nayo hushuka. Ukiweka moto chini na bomba la kupandia na jingine la kushukia, maji yatazunguka yenyewe muda wote moto uwakapo. Wewe mwenyewe waweza kuona kazi hiyo hiyo juu ya mapaa ya nyumba za Nairobi na Dar es Salaam, palipo na vyombo vya kupasha maji kwa jua: tangi huwekwa juu ya bamba lipigwalo na jua, na maji ya moto hupanda tangini pasipo kusukumwa na mtu. Lakini mwendo wa namna hiyo ni wa polepole, nao wataka mabomba manene. Kwa hiyo siku hizi nyumba nyingi za nchi za baridi hutumia pampu ndogo ya umeme.

Sasa tutazame kazi yenyewe, na tuchukue mfano wa shamba moja la Minnesota. Mwenye shamba ana msitu, kwa hiyo kuni anazo. Ana nyumba ya zamani yenye ghorofa mbili, ipashwayo joto kwa rejeta za chuma, yaani vyuma vizito vyenye matundu ndani, vilivyosimama chini ya madirisha. Ubavuni mwa nyumba hiyo baba yake aliongeza vyumba vipya, navyo hupashwa kwa hewa ya moto ipitayo katika mifereji ya bati. Tena anayo karakana yenye sakafu ya zege, na ndani ya zege hiyo yamelazwa mabomba ya plastiki. Basi hapo pana namna tatu za kupasha joto, na mwenyewe ataka kuzilisha zote kwa tanuru moja.

Tanuru lenyewe limesimama nje, mita thelathini mbali na nyumba, mfano wa kibanda kidogo cha bati chenye dohani. Ndani yake kuna chumba cha moto kilichozungukwa na maji pande zote, mamia ya lita. Juu ya maji pana tundu la hewa lisilozibwa kamwe. Tundu hilo dogo ndilo mlinzi wa shamba zima. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Kama mvuke huo ungefungiwa ndani ya chuma, tanuru lingelipuka mfano wa bomu. Kwa kuwa tundu liko wazi, maji yakichemka kupita kiasi mvuke hutoka zake nje, na hasara ni maji tu.

Kutoka tanuruni yatoka mabomba mawili: la kwenda na la kurudi. Wanafunzi wengi husahau bomba la pili. Huyafikiri maji ya moto kama maji ya kunywa, ambayo yakifika mwisho hutumiwa na kuisha. Sivyo. Maji haya ni yale yale mwezi hata mwezi. Huenda na mzigo, huutua, kisha hurudi tanuruni kuchukua mwingine. Mabomba hayo huzikwa ardhini, nayo huvikwa gamba nene la povu ili joto lisipotee njiani. Katika kaskazini ya Minnesota baridi hupenya udongo sana, na kanuni za ujenzi za huko zataka misingi ya nyumba ishuke futi 5, yaani mita moja na nusu. Mabomba nayo hutafutiwa kina cha kutosha. Mtu akinunua gamba hafifu ili aokoe fedha kidogo, maji ya ardhini huingia ndani yake, na joto lote huliwa na udongo. Utamjua mtu huyo wakati wa baridi: uwanja wote umefunikwa kwa theluji, isipokuwa mstari mmoja mweusi kutoka tanuruni mpaka nyumbani, mahali theluji ilipoyeyuka. Anapasha joto minyoo.

Maji yafikapo nyumbani yana joto la nyuzi 80 hivi. Hapa ndipo kazi ya fundi yaanza hasa, maana zile namna tatu hazipendi joto moja, wala hazipendi maji ya namna moja.

Tuanze na nyepesi, yaani mifereji ya hewa. Fundi hukata mfereji wa bati mahali hewa itokapo katika feni, kisha huingiza humo chombo kilicho kama rejeta ya motokaa: mabomba ya shaba nyekundu yaliyoshikwa na mapezi mengi membamba. Maji ya moto hupita ndani ya mabomba, hewa hupulizwa kati ya mapezi, nayo hutoka upande wa pili ikiwa na joto. Chombo hicho hakina budi kujaza mfereji sawasawa. Kikiwa kidogo, hewa hupita pembeni mwake nayo huingia vyumbani baridi kama ilivyokuja. Waya wa themostati, yaani kifaa kipimacho joto la chumba, huungwa kwenye feni. Chumba kikipoa, feni huanza. Chumba kikipata joto la kutosha, feni husimama. Maji yenyewe huendelea kupita. Hayo ndiyo yote.

Rejeta za nyumba ya zamani ni kazi ngumu zaidi. Mtu asiyejua angeona ni rahisi kabisa: rejeta zapenda maji ya moto sana, na tanuru lina maji ya moto sana, basi na tuunge bomba kwa bomba. Akifanya hivyo ataharibu. Kumbuka ya kuwa tanuru liko chini na juu yake pana tundu wazi. Lakini rejeta za ghorofa ya pili zaweza kuwa mita sita juu ya maji ya tanuru. Maji siku zote hutafuta usawa wake. Pampu ikisimama, maji ya ghorofani hutaka kushuka. Hewa hupata njia ya kuingia katika rejeta, na kule nje tanuru hufurika kwa tundu lake. Ili maji yakae juu mita sita hayana budi kufungiwa na kukandamizwa. Msukumo wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10 huitwa takribani bar 1, na rejeta za nyumba ya ghorofa mbili huwekewa msukumo wa bar 1 hata moja na nusu. Tanuru lenye tundu wazi haliwezi kuvumilia msukumo hata kidogo.

Basi, maji ya tanuru hayawezi kuingia katika rejeta, na rejeta zataka joto la tanuru. Fundi atafanyaje? Hutumia chombo kidogo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kizuri kuliko vyote katika kazi hii. Ni mabamba membamba ya chuma kisichoshika kutu, ishirini au thelathini, yaliyobanwa pamoja kama kurasa za kitabu. Kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili hupita maji ya tanuru. Kati ya wa pili na wa tatu hupita maji ya rejeta. Kisha ya tanuru tena, na hivyo mpaka mwisho. Maji hayo mawili hayaonani kamwe, lakini joto hupenya bamba na kuvuka. Tena fundi huyaelekeza maji hayo yapishane: ya moto yakishuka, ya baridi yapande. Kwa njia hiyo maji ya rejeta, yakaribiapo kutoka, hukutana na maji ya tanuru yaingiayo, yaliyo moto kuliko yote. Kama yangekwenda upande mmoja, joto lingevuka kidogo kuliko hivyo.

Lakini sasa maji ya rejeta yamefungwa, na maji yaliyofungwa ni neno jingine. Yakipanda kutoka nyuzi 10 mpaka nyuzi 80, kila lita 100 huongezeka karibu lita 3. Lita tatu hizo zitakwenda wapi? Zikikosa mahali zitapasua kiungo dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo katika mzunguko huo huungwa tangi dogo lenye ngozi ya mpira katikati: upande mmoja ni hewa, upande mwingine ni maji. Maji yakitanuka husukuma mpira, na hewa hujikunyata kumpisha mgeni. Yakipoa hewa huyarudisha. Na kama tangi hilo litaharibika, iko valvu ya usalama, ambayo kwa nyumba nyingi za Marekani hufunguka yenyewe msukumo ukifika bar 2 hivi na kumwaga maji. Fundi aizibaye valvu hiyo kwa sababu yadondosha maji sakafuni angefaa kunyang'anywa vyombo vyake.

Sakafu ya karakana nayo ina tabia ya tatu. Haitaki maji ya nyuzi 80 hata kidogo. Zege yaweza kupasuka, na mtu asingeweza kusimama juu yake. Hutaka nyuzi 35 mpaka 45 tu, maana sakafu nzima imekuwa rejeta moja kubwa, na kitu kikubwa chenye uvuguvugu hutoa joto sawa na kitu kidogo kilicho moto sana. Uso wa sakafu mahali watu wakaapo haupasi kuzidi nyuzi 29 hivi. Kwa hiyo fundi huweka valvu ya kuchanganya, yenye milango mitatu. Mlango mmoja hupokea maji ya moto ya tanuru, wa pili hupokea maji yaliyopoa yarudiyo kutoka sakafuni, na wa tatu hutoa mchanganyiko. Ni kazi ile ile afanyayo mama amwogeshapo mtoto, akiongeza maji ya baridi katika beseni huku akijaribu kwa kiwiko, ila valvu hii hujaribu yenyewe mchana na usiku. Kisha pampu ya pili huzungusha mchanganyiko huo katika mabomba ya plastiki. Mabomba hayo yawe ya aina iliyovikwa utando wa kuzuia oksijeni. Plastiki ya kawaida hupenyeza oksijeni ya hewa kidogo kidogo, na oksijeni ikiingia majini hula kila kitu cha chuma katika mzunguko.

Sakafu ya zege ina hila nyingine. Ikiachwa ipoe siku mbili, asubuhi ya siku ya tatu hunywa joto kama mchanga unywavyo mvua, na kurudisha tanuruni maji baridi kwa muda wa saa nyingi. Maji baridi yakizunguka chumba cha moto, moshi ugusao ukuta wake hutoa umande wenye asidi na lami, na chuma hulika. Tanuru la kudumu miaka ishirini laweza kutoboka mapema sana. Ndiyo sababu mafundi huweka karibu na tanuru valvu nyingine, iyachanganyayo maji yarudiyo na maji ya moto mpaka yafike nyuzi 55 au 60 kabla hayajaingia.

Liko jambo la nne, ambalo si la kupasha nyumba lakini huungwa papo hapo: maji ya kuoga na kuoshea vyombo. Maji ya tanuru yametiwa dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo hayapasi kugusana na maji ya watu. Mabamba yale yaliyobanwa kama kitabu hutumika tena hapa. Katika tangi maji ya kuoga huwekwa nyuzi 60, maana katika uvuguvugu wa nyuzi 20 mpaka 45 huzaliana vijidudu viitwavyo Legionella, viletavyo homa kali ya mapafu. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Basi kabla ya bilula ya bafuni huwekwa valvu ya kuchanganya ili yatoke yakiwa salama.

Kazi ikiisha, mabomba hujazwa polepole kutoka chini, ili hewa isukumwe juu. Hewa iliyosalia ni adui: pampu haiwezi kuisukuma vizuri, na rejeta yenye hewa huwa na joto chini na baridi juu, tena huguguma usiku kama tumbo la mtu mwenye njaa. Kila rejeta ina parafujo ndogo kwenye bega lake. Mwenye nyumba huilegeza kwa ufunguo, hewa hutoka ikilia, kisha hutoka matone, ndipo huikaza na kwenda katika rejeta nyingine.

Moshi wa matanuru haya uliwahi kuwaletea majirani taabu nyingi, kwa kuwa moto ulionyimwa hewa huvuta moshi mzito. Mwaka 2015 Serikali ya Marekani iliweka kanuni juu ya matanuru mapya ya namna hii, na mwaka 2020 masharti yakawa makali zaidi. Kuni mbichi huharibu hata tanuru bora. Hukatwa mapema, zikapasuliwa na kupangwa kwenye upepo mpaka zikauke.

Na umeme ukikatika usiku wa baridi kali? Pampu zote husimama. Kule nje mlango wa hewa wa tanuru hujifunga, moto hufifia, na maji yake mengi hubaki na joto kwa saa kadhaa. Hatari iko katika mabomba membamba ya nyumbani. Wengine hutia katika mzunguko dawa iitwayo glikoli, ambayo huzuia maji yasigande upesi, ingawa maji yenye glikoli huchukua joto kidogo kuliko maji matupu. Wengine huweka jenereta ndogo, kwa kuwa pampu hizi hazili umeme mwingi. Nyingi hutumia chini ya wati 100, kadiri ya taa moja ya zamani. Asiye na glikoli wala jenereta hukaa akitazama kipimajoto cha ukutani, na kikikaribia sifuri hushuka chini ya nyumba, hufungua bilula za kumwagia, na kuyaacha maji yote yatoke kabla hayajawa barafu.